Mkataba tumeshasaini, mbona dalali bado anapiga simu?

Mteja wangu mmoja aliwahi kuniuliza hivi: "Kaka, bei tumekubaliana, mkataba tumesaini, arubuni nimetoa. Sasa wewe kazi yako imebaki ipi?" Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa amechoka na simu zangu, alitaka kujua namsumbulia nini. Nikamfungulia daftari langu kwenye ukurasa wenye jina lake. Ulikuwa na mistari kumi na tisa, na niliyokwisha kuikata ilikuwa sita tu.

Mkataba wa mauziano ni ahadi. Siku mnaposaini, nyumba bado ni ya muuzaji na fedha nyingi bado ziko kwa mnunuzi au benki. Kutoka hapo hadi umiliki uhamishwe huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Kumpeleka mteja kuona nyumba ni rahisi ukilinganisha na wiki hizo, maana biashara nyingi nilizoona zikivunjika zilivunjikia humo.

Kitu cha kwanza ninachofanya, wino haujakauka vizuri, ni kuusoma mkataba upya nikiwa peke yangu, kalamu mkononi, nikitafuta tarehe. Ukaguzi uishe lini? Benki ijibu lini? Arubuni iingie kwenye akaunti ipi, kabla ya siku gani? Mnunuzi akiwa na haki ya kujitoa nyumba ikikutwa na kasoro, haki hiyo ina siku yake ya mwisho, na siku hiyo ikipita bila barua, huenda akapoteza haki na arubuni pia. Halafu kuna mtego wa kuhesabu. Mkataba ukisainiwa Alhamisi na ukasema "siku 10", kwa kalenda zinaishia Jumapili ya wiki inayofuata. Ukisema "siku 10 za kazi", zinaishia Alhamisi baada ya wiki mbili. Hizo siku nne za tofauti nimeziona zikigombanisha watu wazima. Kwa hiyo naandika tarehe zote kwenye karatasi moja na kuwapelekea wote, yaani mteja, wakili, benki na dalali wa upande wa pili. Mwenye hesabu tofauti aseme mapema.

Siku ya ukaguzi nakuwepo. Simwingilii mkaguzi, lakini napenda kuona kwa macho yangu mabomba yote yakifunguliwa kwa pamoja, maana hapo ndipo msukumo dhaifu wa maji unapojitangaza. Ripoti ikija ina kurasa arobaini na picha za kila ufa, na mteja anapiga simu usiku, sauti inatetemeka: "Hii nyumba inaanguka!" Haianguki. Nakaa naye tunaipitia. Paa, msingi, nyaya za umeme na maji taka ndiyo mambo ya kujadili na muuzaji. Bawaba inayolia na rangi iliyobabuka alikwisha ziona siku ya kwanza, na bei aliyotoa ilizihesabu. Kuhusu marekebisho nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaukubali: afadhali bei ipunguzwe kuliko muuzaji kuahidi kutengeneza. Mtu anayehama atamtafuta fundi wa haraka na wa bei ya chini, na wewe ndiye utakayeishi na kazi yake.

Kama mnunuzi anakopa, benki itamtuma mthamini. Hapa ndipo wateja wengi hushtuka, kwa hiyo nawapa hesabu mapema. Chukua bei ya mkataba kuwa 100, na benki inakopesha asilimia 80. Mnunuzi amejiandaa na 20 zake. Mthamini akisema nyumba ina thamani ya 92, benki itakopesha asilimia 80 ya 92, yaani 73.6. Bei imebaki 100. Mnunuzi sasa anatakiwa kuleta 26.4, na hizo 6.4 hakuzitarajia. Ama anazipata, ama muuzaji anashusha bei, ama wanagawana, ama mkataba unavunjika kama una kipengele kinachoruhusu. Mimi siwezi kumwambia mthamini aandike nini, na dalali anayejaribu anajitafutia balaa. Ninachoweza ni kumkabidhi orodha ya nyumba za jirani zilizouzwa karibuni na ya ukarabati uliofanyika, pamoja na stakabadhi zake. Mengine ni yake.

Halafu kuna onyo ambalo nalirudia hadi wateja wanacheka: usiguse maisha yako ya fedha. Usibadili kazi, usimdhamini shemeji, usinunue kitu kwa mkopo. Mmoja alicheka sana, kisha akachukua gari kwa mkopo zikiwa zimebaki siku chache. Kwa hoja yake, mkopo wa nyumba ulikuwa umeshakubaliwa. Benki ikaangalia tena madeni yake kabla ya kutoa fedha, kama benki zinavyofanya mara nyingi, ikakuta deni jipya linakula sehemu ya mshahara iliyotegemewa kulipia nyumba. Gari lilirudishwa. Siku ya kukamilisha ikasogezwa, na muuzaji, aliyekuwa amekwisha kukodi lori la kuhamia, akadai alipwe hasara. Zile simu za wiki ile sitaki kuzikumbuka.

Upekuzi wa hati, yaani kuangalia kwa msajili nyumba ni ya nani na ina deni gani, ni kazi ya wakili. Sijifanyi mwanasheria, na mteja akiniuliza maana ya kifungu namrudisha kwa wakili wake. Kazi yangu ni kuuliza: upekuzi umetoka? Rehani ya zamani imefutwa kwenye daftari la msajili, au imelipwa tu ikabaki imeandikwa? Warithi wote wamesaini? Katika nchi zinazofuata mfumo wa Torrens, ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858, kilichoandikwa kwenye daftari ndicho chenye nguvu, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake. Ndiyo maana nasisitiza upekuzi ufanywe mwanzoni na urudiwe karibu na siku ya kulipa. Zuio la kuhamisha nyumba linaweza kuingia katikati.

Kuna barua pepe moja ninayoiogopa kuliko zote. Inakuja siku mbili kabla ya malipo, ina nembo ya ofisi ya wakili, lugha safi, hata namba ya faili ni sahihi, na inasema akaunti imebadilika. Matapeli huingia kwenye barua pepe za mtu mmoja kati yetu, wanasoma kimyakimya, wanasubiri wakati wa fedha. Tangu siku ya kusaini nawaambia wateja: akaunti ikibadilika, usitume hata senti mpaka umpigie wakili kwa namba uliyonayo tangu mwanzo, kamwe si ile iliyo kwenye barua hiyo. Na hata mimi nikikutumia ujumbe wa namna hiyo, usiniamini. Nipigie.

Muuzaji naye ni mteja, na hofu yake ni ya aina nyingine. Niliwahi kuuza nyumba ya mama mmoja aliyeishi humo tangu watoto wakiwa wadogo. Kila nilipomwamkia kwenye simu aliitikia marahaba, kisha swali lilelile: "Mwanangu, hawajabadili mawazo?" Nilijizoesha kumpigia kila Jumatatu na Ijumaa, hata nikiwa sina habari. "Mama, leo hakuna jipya, benki bado." Wengi tunaona aibu kupiga simu tukiwa mikono mitupu. Lakini mteja asiposikia kitu anajaza mwenyewe, na anachojaza huwa kibaya.

Siku ya mwisho au inayoitangulia, tunaikagua nyumba tena, mimi na mnunuzi, mkononi tuna mkataba na picha za siku ya kwanza. Wakati mmoja tulikuta kila kitu kimefagiwa safi kabisa. Safi kupita kiasi: hita ya maji ya bafuni ilikuwa imeondoka, yamebaki mabomba mawili yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki. Muuzaji alidai ni mali yake, aliinunua mwenyewe. Kweli aliinunua, lakini mkataba ulisema vilivyofungwa ukutani vinabaki. Mnunuzi alitaka kuvunja biashara nzima palepale barabarani. Nikamwomba akae ndani ya gari, nikampigia dalali mwenzangu, tukawapigia mawakili, na ndani ya saa mbili ikaandikwa kwamba thamani ya hita mpya ikatwe kwenye malipo ya muuzaji. Picha ndiyo iliyomaliza ubishi, maana kwenye kona yake ilionekana hita.

Baada ya hapo ni mambo madogo: funguo zote pamoja na za geti, rimoti, bili za mwisho. Yule mteja wa daftari, siku ya makabidhiano yake, alikuwa ameshaingia ndani anapima dirisha kwa ajili ya mapazia. Mimi nilikuwa nje, nimeinama mbele ya mita ya umeme, napiga picha ya namba ili asije akalipa umeme wa mwenzake. Akachungulia dirishani. "Kaka, huo ndio mstari wa ngapi?"

"Wa kumi na nane," nikamwambia. "Kamuulize wakili kama hati imepokelewa kwa msajili."