Kipindi cha Matazamio Unapokarabati Nyumba ya Kupangisha

Barabara mpya ikikabidhiwa, husemwa kwamba mkandarasi bado yuko kwenye kipindi cha matazamio. Kazi imekwisha na magari yanapita, lakini mkandarasi hajaachiwa. Kwa muda uliotajwa kwenye mkataba, mara nyingi mwaka mmoja, lami ikibonyea au mtaro ukipasuka kwa sababu ya ujenzi mbovu, anarudi kurekebisha kwa gharama zake. Ili arudi kweli, mwenye mradi hubaki na sehemu ya malipo yake, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, inayoitwa fedha ya zuio. Kwenye mikataba mingi mikubwa, ikiwamo ya mfumo wa FIDIC, yaani shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, nusu ya zuio hutolewa kazi inapokabidhiwa na nusu iliyobaki matazamio yanapokwisha.

Wenye nyumba wengi hudhani hayo ni mambo ya barabara na majengo ya serikali. Mimi naona anayekarabati vyumba vya kupangisha Tandika au apatimenti mbili Sinza anauhitaji utaratibu huu kuliko hata anayejenga nyumba ya kuishi mwenyewe. Kwako, bomba likianza kuvuja chini ya sinki utaliona asubuhi hiyohiyo. Nyumba ya kupangisha unamkabidhi mtu funguo, amekulipa kodi ya miezi sita, unaondoka. Atakayeona uvujaji ni yeye, na wapangaji wengi hunyamaza mpaka dari ianze kubonyea, kwa sababu wanaogopa kuambiwa wameharibu wao.

Matazamio hayachukui nafasi ya ukaguzi wa siku ya makabidhiano. Kuna kasoro unazoweza kuzikamata palepale ukiwa na fundi. Chukua bisibisi, gonga vigae kimoja baada ya kingine kwa mpini wake. Kilichoshika vizuri kinatoa sauti nzito. Kilichobandikwa juu ya saruji haba kinalia uwazi, na hicho kitapasuka siku mpangaji atakapoburuta friji. Choo cha ghorofani kinataka jaribio la mapema zaidi: kabla vigae havijapangwa, ziba tundu la maji, jaza maji sakafuni, acha saa 24, kisha shuka ukaangalie dari ya chumba cha chini. Fundi mwenye haraka hatalipenda jaribio hili. Lisimamie hivyohivyo, maana vigae vikishapangwa, kutafuta mahali maji yanapopita ni kubomoa kila kitu. Yote mtakayoyaona yaandikwe, na malipo ya kumaliza kazi yasubiri yarekebishwe.

Zinazobaki ni kasoro zinazojificha, na hizo ndizo zinazohitaji matazamio. Ukuta uliopigwa lipu kwa mchanga wenye chumvi unapendeza siku ya kwanza. Wiki kadhaa baadaye unga mweupe unajitokeza na rangi inaanza kumenyeka. Karo lililochimbwa dogo halisemi kitu mpaka familia ya watu sita ihamie. Paa ndilo la kuangaliwa zaidi, kwa sababu hakuna ukaguzi wa jua kali unaoweza kukuhakikishia kwamba bati halivuji.

Ndiyo maana napinga mazoea ya kuandika "miezi mitatu" kwa kila kitu. Ukiezeka upya Dar es Salaam mwezi Julai, miezi mitatu itakwisha Oktoba, wakati vuli ndiyo kwanza inaanza. Zuio utalitoa, mvua itanyesha Novemba, na fundi atakuwa kwenye kazi nyingine Chanika. Kwa paa, andika kwamba matazamio yanaisha baada ya msimu mmoja wa mvua kupita, mpaka mwisho wa Desemba au mwisho wa Mei. Kwa mabomba, vyoo na umeme, miezi miwili au mitatu inatosha, lakini ihesabiwe tangu mpangaji alipohamia. Nyumba ikikaa tupu, hakuna koki iliyojaribiwa.

Suala la kiasi linataka busara zaidi. Mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi akichukua kazi pamoja na vifaa, asilimia 10 ya mkataba ni pesa inayomrudisha. Ila ukarabati wetu mwingi unafanywa na mafundi wa mtaani, kwa ufundi tu, vifaa ananunua mwenye nyumba. Tuseme ufundi ni shilingi 1,200,000. Kianzio 360,000, katikati ya kazi 360,000, siku ya makabidhiano 360,000, zuio 120,000. Hiyo inatosha kumfanya fundi apande daladala kurudi kuziba palipovuja. Ukiacha 30,000 tu, atakusamehe.

Zuio hilo ni jasho la fundi. Lisemwe mnapopatana bei, kabla hajashika mwiko. Kulianzisha siku ya malipo ni dhuluma. Mafundi wengi hulikataa kwa sababu wameshadhulumiwa: siku inafika, simu ya mwenye nyumba haipokelewi. Wewe ukitaka likubalike, taja tarehe ya kulilipa na uilipe siku hiyohiyo, bila kusubiri ukumbushwe. Pia kubalianeni kosa ni la nani. Fundi anawajibika kwa kazi ya mikono yake. Ukimnunulia bati jembamba au rangi ya bei ya chee, likitoboka au ikichuja ni juu yako. Mpangaji akimwaga mafuta ya kupikia kwenye sinki na bomba likaziba, hilo ni la mpangaji.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania inayatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini kuyathibitisha ni kazi. Ukurasa mmoja wenye saini zenu na ya shahidi unatosha. Andika kwa mfano: "Fundi atarekebisha bila malipo kasoro yoyote ya ufundi itakayoonekana hadi tarehe 31 Desemba, ndani ya siku 5 tangu apewe taarifa." Mweleze na mpangaji anapoingia kwamba kuna fundi anayeweza kurudi, akiona unyevu au kusikia maji yakitiririka akupigie siku hiyo, na hatalaumiwa.

Fundi akipewa taarifa na siku 5 zikapita hajaonekana, mkumbushe mara moja kwa ujumbe wa maandishi. Asipotokea, tafuta fundi mwingine, chukua risiti, kata gharama hiyo kwenye zuio. Kinachosalia bado ni chake: mtumie, pamoja na picha ya risiti.