Tairi pana halishiki barabara vizuri zaidi kila mara

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unadai kwamba matairi mapana kuliko yaliyokuja na gari hushika barabara vizuri zaidi, hata kwenye mvua. Kwenye lami kavu huenda yakasaidia kidogo. Kwenye maji, tairi pana huelea upesi zaidi, kwa kuwa lina maji mengi ya kusukuma. Wengi hudanganyika kwa kuona matairi mapana ya magari ya mashindano, ambayo raba yake ni laini mno kuliko ya matairi ya kawaida. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo.

Soma ubavuni mwa tairi: 185/65 R15 ni upana wa milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15, kisha linganisha na kibandiko cha vipimo vya matairi ya gari, ambacho kwa kawaida huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukifunga 205/65 R15, kipenyo nacho huongezeka, na spidomita iliyokuwa sahihi ikisoma 100, gari linakwenda takriban 104.