Usonji hauonekani kwenye CT skani

Tangu kampeni ya Aprili 2, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji, idara yetu ya radiolojia hapa Tabora imekuwa ikipokea wazazi wanaoomba mtoto "apimwe usonji kwenye mashine". Baadhi wametoka Kaliua na Sikonge kwa nauli ya kukopa, na wengine huja na bahasha ya kaki yenye picha ya kichwa iliyopigwa kwingine, ambayo majibu yake yanasema hakuna tatizo. Swali lao ni moja: kama picha ni safi, mbona mtoto haongei?

Usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia, hutambuliwa kwa kumtazama mtoto anavyocheza, anavyowasiliana na anavyoitikia jina lake, na kwa kumsikiliza mlezi akieleza ukuaji wake. Hakuna picha ya CT, ya mionzi, wala ya MRI, ya sumaku, inayothibitisha au kukanusha usonji wa mtoto mmoja. Jambo hili tumelieleza redioni na kliniki, na bado kila Jumatatu tunaulizwa upya.

Kwa usonji, kazi ya picha za ubongo iko kwenye utafiti, hasa kwenye jambo ambalo wazazi hujionea wenyewe wakiwa wamekaa benchi moja, kwamba watoto wao wamepewa jina moja la hali lakini hawafanani. Mmoja anapanga vizibo vya soda kwa rangi huku akitaja mabasi yote ya stendi. Mwenzake hana neno hata moja, na jenereta likiwashwa huziba masikio na kujikunja chini ya benchi. Mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa Marekani, DSM-5, uliwaweka wote chini ya jina moja, pamoja na waliokuwa wakiitwa wenye Asperger, yaani wanaoongea bila kuchelewa, na watafiti wakabaki na kazi ya kueleza tofauti zilizomo ndani ya jina hilo.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu, si mionzi, na aina yake mojawapo hufuatilia oksijeni katika damu ili kuona ni sehemu zipi za ubongo zinazofanya kazi kwa pamoja. Kwa njia hiyo, utafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha watu 299 wenye usonji na 907 wasio nao, ukapata makundi manne yanayotofautiana kwa miunganiko ya ubongo na kwa tabia pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nao wameonyesha kwamba ubongo mkubwa kupita kiasi ukilinganishwa na mwili, ambao uliwahi kudhaniwa kuwa alama ya usonji wenyewe, hupatikana kwa takriban asilimia 15 tu ya wavulana wenye hali hiyo. Kwa hiyo anayepima kichwa cha mtoto kwa futi kamba ya fundi cherehani na kutoa hukumu papo hapo, aache.

Matokeo hayo ni ya makundi, na hayamwambii mzazi mtoto wake yumo katika kundi lipi. Isitoshe, kichwa kikitikisika milimita chache tu picha huharibika, hivyo wanaoingia kwenye takwimu kwa wingi ni wanaoweza kulala tuli, na wasioongea, ambao ndio tungependa kuwaelewa zaidi, huachwa nje. Pia, mkusanyo wa picha za ubongo kwa utafiti wa usonji uitwao ABIDE, uliotolewa mwaka 2012, una picha za watu 1,112, wenye usonji na wasio nao, kutoka vituo 17, vyote vya Marekani na Ulaya, hakuna hata kimoja cha Afrika.

Daktari anaweza kuagiza picha iwapo mtoto ana degedege au kifafa, kichwa kinakua kwa kasi isiyo ya kawaida, upande mmoja wa mwili ni dhaifu, au anapoteza uwezo aliokwisha kuupata. Fomu ya maombi lazima ijazwe na daktari na sababu iandikwe, kwa kuwa CT ni mionzi, na matumizi ya mionzi nchini yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Fomu isiyo na sababu tunairudisha, hata mzazi akiwa na fedha mkononi. Mtoto atakayepewa dawa ya usingizi kwa ajili ya MRI hukaa saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama na saa 2 bila maji, na uji unahesabiwa kuwa chakula. Vibanio vya nywele, sarafu na bangili huvuliwa nje ya chumba. Hirizi yenye chuma nayo huvuliwa, na hatuulizi ilikotoka.

Atakayeombwa kumwingiza mtoto katika utafiti adai kuona kibali cha maadili cha utafiti na asaini ridhaa kwa hiari yake, akijua kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Picha ya ubongo ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayeisambaza kinyume cha sheria, hata kwenye kundi la WhatsApp, anaweza kutozwa faini au kufungwa.

Mwenye bahasha aje nayo, ila asiache nyumbani kadi ya kliniki ya mtoto, na akiweza amrekodi kwa simu dakika mbili akicheza na wenzake uani. Hivyo ndivyo daktari atakavyoanza navyo.