Je, wajua kwa nini Julian Bond alishinda uchaguzi mara tatu kabla ya kupewa kiti chake?

Januari 10, 1966, wabunge wapya wa jimbo la Georgia, Marekani, walikusanyika mjini Atlanta kula kiapo. (Jimbo hapa si jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea. Lina gavana wake, sheria zake na bunge lake la mabaraza mawili.) Karani alikataa kumwapisha mmoja wao. Huyo alikuwa Julian Bond, kijana wa miaka 25, aliyechaguliwa Juni 1965 kwa kura 2,320 kati ya 2,807. Weusi wenzake saba wakaapa, yeye akaambiwa asubiri.

Kisa? Siku nne nyuma, SNCC, kamati ya vijana waliopigania haki za weusi, ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond alikuwa msemaji wa kamati hiyo. Tamko hakuliandika yeye, lakini mwandishi wa redio alipompigia simu kumuuliza kama analikubali, hakumung'unya maneno: ndiyo. Akasema pia kwamba anawastahi kwa ujasiri wao wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini, ingawa ya kwake hajaichoma.

Wabunge 75 wakawasilisha pingamizi. Kamati ikaketi, mkanda wa mahojiano yale ukachezwa, na siku hiyohiyo Baraza la Wawakilishi likapiga kura: 184 wakamkataa, 12 wakamtetea.

Hoja yao ilikuwa hii: mbunge lazima aape kuitii Katiba ya Marekani, na anayewasifu wakaidi wa jeshi hawezi kuapa hivyo kwa dhati. Hapo ndipo palipo na ujanja. Bond hakukataa kiapo. Alikuwa tayari kukila palepale. Wao walitaka kwanza wampekue moyo. Na katika baraza ambalo tangu 1907 halikuwa limepata mbunge mweusi, sidhani kuna aliyejiuliza kwa nini upekuzi huo uanzie kwake.

Bond akaenda mahakamani, na miongoni mwa walalamikaji wenzake alikuwemo Martin Luther King, aliyekuwa mkazi wa eneo lake la uchaguzi. Mahakama ya chini ikawakatalia, majaji wawili kwa mmoja. Kiti kikatangazwa kuwa wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo, Bond akagombea akashinda. Kamati ya baraza ikamkatalia tena. Novemba ukafika uchaguzi wa kawaida, wapiga kura wakamrudisha mara ya tatu. Ukaidi ulikuwa pande zote mbili.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani ikakata shauri, majaji wote tisa kwa sauti moja. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba jimbo lina haki ya kudai kiapo, lakini halina haki ya kukigeuza mzani wa kupimia unyofu wa mbunge kwa sababu tu ya maoni yake. Mwakilishi, kwa kazi yake, anatakiwa awe na uwanja mpana wa kusema ili waliomchagua wajue msimamo wake. Januari 1967 Bond akaapishwa.

Akakaa katika bunge hilo miaka 20, kwanza Baraza la Wawakilishi, kisha Seneti kuanzia 1975. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic, jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais, akalikataa: alikuwa na miaka 28, na Katiba inataka 35.

Kilichomtoa hatimaye hakikuwa wapinzani wa zamani. Mwaka 1986 aliwania ubunge wa kitaifa, na katika kura za mchujo akakutana na John Lewis, mwenzake wa SNCC ambaye walisafiri pamoja Guinea mwaka 1964, safari ambayo Lewis aliiendeleza hadi Nairobi akakutana na Malcolm X. Kampeni yao ilikuwa chungu. Lewis akashinda, akaingia Washington, na Bond akaondoka katika bunge la Georgia mwaka 1987.