Bunduki ya upepo: yanayosemwa Moshi na yaliyo kweli

Nilipoachana na shotigani yangu, kwa kufuata taratibu zote za polisi, majirani hapa Moshi walidhani nimefilisika. Sikuwa nimefilisika. Nilikuwa nimechoka kumiliki silaha ninayoifyatua mara chache kwa mwaka, kwa sababu kila risasi ni hela na kila safari ya kwenda mahali pa kulengea ni hela nyingine. Nikarudi kwenye bunduki ya upepo, inayosukuma kirisasi kwa hewa iliyobanwa badala ya baruti, aina ile ile niliyofundishwa na baba mdogo kule Kibosho nikiwa darasa la sita, tukilenga makopo ya Blue Band nyuma ya banda la ng'ombe.

Tangu nirudi nimesikia mengi. Kuna wanaoidharau, na kuna wanaoishika ovyo kama fimbo ya kuchungia. Naona kosa lao ni moja: hawajui kinachotokea ndani ya ule mtutu.

"Mjomba, hiyo si ya kuchezea watoto?"

Hilo aliniuliza mpwa wangu siku ya kwanza. Sikumjibu. Nilisimamisha kopo tupu la soda mbele ya kiroba cha mchanga, nikafyatua, nikampa kopo alishike. Lilikuwa limetoboka pande zote mbili.

Ukweli ni huu. Bunduki ya upepo ya mashindano ya mita 10 hurusha kirisasi cha nusu gramu hivi kwa kasi ya mita 170 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni kama jouli 7.5. Risasi ya moto, yaani ya baruti, ya kipenyo cha inchi .22, ambayo wenye bunduki kubwa huiita ndogo, hutoka na jouli 140 hivi. Tofauti ni kubwa, na ndiyo inayofanya bunduki ya upepo iweze kutumika mahali padogo palipoandaliwa vizuri. Lakini jouli saba zinatosha kupenya ngozi, na jicho halihitaji hata hizo. Tena kirisasi kilichokosa shabaha na kwenda juu kinaweza kusafiri mita mia kadhaa. Anayejua vihamba vyetu vya mlimani, mashamba ya migomba yenye nyumba katikati, anajua mita mia kadhaa ni kaya ngapi. Jani la mgomba si ukuta. Nyuma ya kila shabaha lazima pawe na kitu cha kukimeza kirisasi: debe la mchanga au kiroba kilichojaa vizuri. Jiwe halifai kabisa, kwa kuwa kirisasi kikiligonga kinaruka na hujui kinakokwenda.

Na anayedhani upepo haujawahi kuwa kazi ya watu wazima asome historia kidogo. Miaka ya 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartolomeo Girardoni, iliyobeba risasi zaidi ya 20 kwenye ghala lake wakati askari wengi duniani wakishindilia baruti risasi moja moja, kama gobore la babu zetu. Bunduki ya aina hiyo ilikuwamo pia kwenye msafara wa Lewis na Clark uliovuka Marekani kati ya 1804 na 1806.

"Haina kishindo, kwa hiyo hata asiyejua kulenga anapata"

Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna kijana jirani yetu aliyepita JKT kwa mujibu wa sheria na kusifiwa kwa shabaha. Alikuja nyumbani Jumamosi moja akiwa na uhakika wote. Akaikumbatia bunduki yangu ya springi, akaikaza begani kama alivyofundishwa, akaegemeza mtutu kwenye ukingo wa meza, akalenga karatasi iliyokuwa mita 20 mbele yake. Matundu kumi yakatawanyika eneo la sahani ya wali. Akasema, "Mzee, hii imepinda." Nikaichukua, nikapiga tano, zikaingia eneo la mdomo wa kikombe cha chai.

Haikuwa imepinda. Bunduki ya springi ina tabia ambayo ya moto haina. Ukivuta kifyatuo, springi iliyobanwa inaachiwa na kuisukuma pistoni nzito mbele. Pistoni ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Halafu pistoni inakutana na hewa iliyojibana mbele yake, inakatishwa mbio ghafla, na bunduki nzima inasukumwa mbele. Misukosuko hiyo inaanza kirisasi kikiwa bado kimo ndani ya mtutu. Ukiibana bunduki, kila mara unaibana tofauti kidogo, nayo inaruka tofauti kidogo. Ukiiegemeza juu ya kitu kigumu, inadunda.

Dawa yake ni kuiacha itikisike, ila itikisike vile vile kila mara. Kiganja cha kushoto kinafunguliwa, bunduki inalala juu yake bila kushikwa. Kitako kinagusa bega tu. Kidole kinavuta polepole. Na baada ya mlio usiinue kichwa kutazama ulikopiga. Baki na shabaha machoni mpaka uhesabu moja, mbili. Yule kijana alirudia zoezi hilo mpaka jua likazama. Alipoondoka matundu yake yalikuwa yanakaa ndani ya kiganja cha mkono, na alikuwa haongei, amezama.

Kwa sababu hiyo nasema bunduki hii ni mwalimu mkali kuliko ile niliyoachana nayo. Shotigani ilinisamehe mengi. Hii inaonyesha pumzi yako, kidole chako na haraka yako, vyote kwenye karatasi.

Anayetaka kujua ukali wa mchezo wenyewe aitazame shabaha ya Olimpiki. Mashindano ya bunduki ndefu ya upepo, mita 10, yaliingia Los Angeles mwaka 1984, na ya bastola ya upepo yakafuata Seoul mwaka 1988. Ile sehemu nyeusi ya shabaha ya bunduki ndefu ina upana wa milimita 30.5, karibu sawa na kizibo cha soda. Katikati yake, alama ya kumi ni kitone cha nusu milimita. Mwaka 2008 kule Beijing, Abhinav Bindra alishinda mchezo huo na kuipa India dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki.

"Nunua yenye kasi kubwa"

Boksi linajisifu futi 1,200 kwa sekunde, na mnunuzi anavutiwa. Kasi hizo mara nyingi hupimwa kwa virisasi vyepesi mno ambavyo hutavitumia kulengea. Halafu futi 1,200 ni zaidi ya mita 360 kwa sekunde, yaani zaidi ya mwendo wa sauti. Kirisasi cha bunduki ya upepo kina kiuno chembamba na sketi nyuma. Umbo hilo linatulia vizuri kwenye mwendo wa chini ya sauti, na likiukaribia huanza kuyumba. Bunduki zinazoshinda Olimpiki zina kasi isiyofikia hata nusu ya ile ya kwenye boksi. Chagua kirisasi kizito kiasi, chenye umbo sawa moja hadi jingine, na bunduki ambayo mkono wako unaweza kuikunja, yaani kuinamisha mtutu ili springi ibanwe, mara sitini bila kuchoka.

"Ni nafuu tu, basi"

Ni nafuu, na ndiyo iliyonirudisha. Kopo moja la virisasi vya milimita 4.5 kwa kawaida lina 500. Boksi la risasi za .22 lina 50. Mchujo wa Olimpiki wa mita 10 ni mapigo 60, kwa hiyo kopo moja linakupa michujo minane nyuma ya nyumba yako na chenji inabaki.

Lakini unafuu huo ni wa bunduki ya springi. Ukihamia zile zinazojazwa upepo kabla, zisizotikisika, jiandae. Zinajazwa hadi bari 200 au zaidi. Tairi la gari dogo lina upepo wa 30 hivi kwa kipimo cha fundi, ambao ni kama bari mbili. Zidisha mara mia. Kompresa ya gereji haifiki huko hata kidogo, kwa hiyo utahitaji pampu yake maalumu ya mkono, na sili zake, zile raba za kuzuia upepo usivuje, na mtu wa kuzibadilisha. Zile zinazotumia vichupa vya gesi ya kaboni vya gramu 12 zina shida yake nyingine: gesi ikipoa, shinikizo linashuka. Ukilenga Ngaramtoni asubuhi ya Julai, kirisasi chako kitapiga chini kuliko kile cha mchana, na utadhani umesahau kulenga.

Darubini ya kulengea nayo. Usihamishe ile ya bunduki ya moto kuiweka kwenye ya springi kwa kubana matumizi. Nyingi zimetengenezwa kuvumilia msukumo wa kurudi nyuma, na ule wa kwenda mbele unazivuruga ndani. Nimepoteza moja hivyo.

"Ikikwama, itie mafuta"

Mafuta ya cherehani yameharibu bunduki nyingi za springi. Yakiingia mbele ya pistoni, hewa inayobanwa inapata moto na kuyawasha, kama dizeli kwenye injini. Utasikia mlio mkubwa, utaona moshi mdomoni mwa mtutu, na wengine hufurahi wakidhani nguvu imeongezeka. Kinachotokea ni sili kuungua na springi kuchoka. Usiifyatue bila kirisasi pia, kwa kuwa pistoni inakosa mto wa hewa na kugonga ukuta. Wala usiilaze ikiwa imekunjwa.

Kuna hili ambalo nalisema kwa uzito wote nilio nao. Bunduki ya kujazwa isijazwe kamwe kwa oksijeni kutoka kwa mafundi wa kuchomelea. Nimemsikia mtu akilitoa wazo hilo gereji, kwa nia njema, kwamba mtungi upo na una shinikizo la kutosha. Oksijeni yenye shinikizo kubwa ikikutana na chembe ya grisi inalipuka, na silaha hiyo iko karibu na uso wako. Hewa ya kawaida, kavu, safi. Hakuna kingine.

"Haina sheria, na mwizi hatajua kuwa si ya moto"

Video nyingi ambazo vijana wanatazama zinatoka Uingereza, ambako England na Wales bunduki ndefu ya upepo isiyozidi jouli 16.3 hivi haihitaji leseni. Hata huko huko, Scotland ilianza kudai cheti mwishoni mwa 2016. Ruhusa ya nchi nyingine haivuki mpaka wa Namanga pamoja na mzigo. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na afisa anayekukagua barabarani anaona mtutu, kitako na kifyatuo. Mimi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kituo cha polisi, kabla sijatoa shilingi. Fanya hivyo hivyo, na ufanye kabla ya kuagiza, si mzigo ukiwa tayari umezuiwa.

Kuhusu mwizi: usijaribu. Silaha hii haimzuii mtu aliyeamua kukudhuru, lakini inamfanya yeye, au askari aliyekuja kukusaidia, aone bunduki gizani na kuamua kwa sekunde moja. Yangu inakaa imefungiwa, na virisasi vimefungiwa mahali pengine.

"Basi angalau itafukuza ndege shambani"

Sisi wa vihamba tumekulia kwenye manati, na mkono unatamani. Lakini kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndege wa porini nao ni wanyamapori. Hondohondo anayepiga kelele juu ya mti wa mruka asubuhi hana kosa lolote nami. Zaidi ya sheria, kulenga juu mtini ni kulenga mahali pasipo na kiroba cha mchanga nyuma yake. Baba mdogo, ambaye hakuwahi kusoma sheria yoyote, alinikataza kuinua mtutu juu ya mstari wa kopo. Niliinua mara moja, nikiwa na ndege aitwaye kwezi machoni, na sikuigusa bunduki ile kwa mwezi mzima.

Kuna jambo moja tu alilokosea, na hakuwa na namna ya kujua. Alinifundisha kuviweka virisasi shavuni ili mikono yote miwili iwe huru kukunja bunduki. Vingi vimetengenezwa kwa madini ya risasi. Kiswahili chetu kimeyapa madini na kinachofyatuliwa jina moja. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa inaharibu ubongo unaokua. Nilivinyonya kama peremende miaka miwili mizima.

Sasa pembeni ya meza yangu pana kisahani cha virisasi, ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche. Mpwa wangu amekuwa akija kila Jumamosi. Shangazi yake akileta chai, mpwa huyo anakwenda kwanza kwenye ndoo, ananawa mpaka kwenye viwiko, ndipo anashika kikombe.