"Kirst ameondoka, Cornell basi": hesabu mbovu za msimu wa lakrosi

Tangu Chuo Kikuu cha Cornell watwae ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, Mei 2025 katika lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, simu yangu haipumziki. Kazi yangu ni kufundisha fesofu, kule kugombea mpira katikati ya uwanja, na wateja wangu ni vijana wa sekondari hapa Maryland pamoja na wazazi wao. Mzazi akishasoma utabiri wa msimu, ananiletea sentensi ileile kuhusu mfungaji wa Cornell: "Kocha, CJ Kirst amemaliza chuo. Mabao 82 yameondoka. Cornell basi." Wiki iliyopita nimeisikia mara tatu, mara moja kwa Kiswahili safi cha Mombasa, kutoka kwa mzee ambaye mwanawe ndiyo kwanza anajifunza kudaka mpira. Nilimwitikia kwa heshima zote, kisha nikakata simu na kuja kuandika haya.

Mzee wangu, mfungaji akihitimu haondoki na mipira. Mabao 82 yalitokana na nafasi ambazo timu nzima ilizitafuta, na msimu ujao nafasi hizo zitakuwepo. Atakayepiga ni mwingine. Huenda akawa na shabaha pungufu, sawa, lakini unachopoteza ni tofauti ya shabaha kati ya hao wawili. Hupotezi mabao yote 82. Kuyatoa yote ni kama kusema dereva wa daladala akistaafu, abiria wake wote watabaki nyumbani.

Wanaobisha nawarudisha kwenye timu ya Chuo Kikuu cha Maryland, mwaka 2021. Jared Bernhardt alifunga mabao 71, akachukua Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa lakrosi ya vyuo, na timu ikafungwa 17-16 na Virginia kwenye fainali. Bernhardt akaondoka, akaenda zake kucheza futiboli ya Marekani. Kwa hesabu za wateja wangu, Maryland wa 2022 walikuwa marehemu. Walicheza mechi 18, wakashinda 18, fainali wakiifunga Cornell 9-7. Wakati huo waliokuwa wamebaki ni akina nani? Logan McNaney golini, ambaye aliokoa mashuti 17 siku ile na kutajwa mchezaji bora wa mashindano. Na Luke Wierman kwenye fesofu. Juu ya hao waliongezewa watu wazima wa shahada ya uzamili waliohamia kutoka vyuo vingine, akiwemo Jonathan Donville aliyetoka, hebu fikiria, Cornell.

Mwaka uliofuata, 2023, McNaney aliumia mapema na msimu wake ukaishia hapo. Maryland wakatolewa raundi ya kwanza, tena nyumbani, na Army, 16-15. Sisemi lilikuwa jeraha la kipa peke yake, maana wakubwa wengi walikuwa wamehitimu. Nasema tu kwamba kwa mechi ya bao moja, sihitaji kuuliza ni mabao mangapi yaliondoka na nani.

Sasa tupige hesabu inayostahili kupigwa. Mechi ya 13-10, kama fainali ya 2025, ina mabao 23. Kila bao huleta fesofu, na kila robo huanza nayo, hivyo weka 27 kwa makadirio. Fogo wako, yule anayeinama, anagombea, kisha anakimbilia benchi, akishinda asilimia 60, ni 16 kwa 11. Hizo ni zamu tano zaidi za kushambulia. Hata mkifunga moja kati ya tatu, tayari mna karibu mabao mawili ambayo hakuna mshambuliaji aliyeyatolea jasho. Kipa naye: mashuti 25 yaliyolenga goli, kipa wa asilimia 50 na kipa wa 58 wanatofautiana mabao mawili. Jumlisha mwenyewe. Wawili hawa ndio watabiri wengi huwataja kwenye aya ya mwisho, kama wanapata aya.

Ndiyo maana nasema, na wanafunzi wangu wamechoka kunisikia: rosta, yaani orodha ya wachezaji, isomwe kutoka nyuma. Anza na fogo. Kisha fogo wa pili, kwa sababu wa kwanza akikutana na mtu anayemsoma, kocha mwenye mmoja tu anabaki kuomba dua. Halafu kipa, halafu beki wa fimbo ndefu anayecheza kiungo, halafu wale viungo wakabaji wa fimbo fupi ambao hata mama zao hawaulizwi na waandishi. Washambuliaji watakuja tu. Najua mwenye nyundo huona kila kitu msumari, lakini mimi mabao mawili ninayakuta kila ninapohesabu.

"Mechi za Februari, msimu unapoanza, ni za kujipasha moto." La. Waulizeni Notre Dame. Mwaka 2022 walianza kwa kushinda mbili na kupoteza nne, wakazinduka, wakashinda sita mfululizo, wakamaliza 8-4 wakiwa moto wa kuotea mbali. Kamati ya NCAA inayochagua timu haikuwaita kwenye mashindano ya ubingwa. Mwaka uliofuata walitwaa ubingwa wao wa kwanza kwa kuifunga Duke 13-9, huku kipa Liam Entenmann akiokoa mashuti 18. Ndiyo, kipa tena. Orodha za ubora za kabla ya msimu nazo ni porojo za Januari, kwani kamati haizipi uzito wowote inapochagua timu.

"Cornell watajaza pengo kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili." Hawawezi. Ivy League, ligi ya vyuo vinane ambayo Cornell wamo, hairuhusu wa uzamili kucheza, ukiacha ule msamaha wa muda wa wakati wa korona. Ukisoma utabiri unaowapa Cornell "uzoefu kutoka nje" kama ule wa Maryland, funga ukurasa.

"Jina likiwa kwenye rosta, kijana analipiwa chuo." Hili huwa linaniuma kwa sababu kuna wazazi wanaopangia pesa. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, ilikuwa na ufadhili 12.6, sehemu kumi na mbili na pointi, za kugawiwa watu arobaini na zaidi. Tangu 2025, vyuo vilivyojiunga na mpango mpya wa NCAA vimeondolewa kikomo hicho na kuwekewa kikomo cha wachezaji 48. Kuruhusiwa kulipa wote 48 si kuwa na hela za kuwalipa. Na Cornell, kama wenzao wote wa Ivy, hawatoi ufadhili wa michezo hata wa dola moja. Msaada wao unafuata kipato cha familia, kwa hiyo Kirst na mabao yake 82 hakulipiwa chochote kwa ajili ya fimbo.