Dhana Potofu Kuhusu Kudarizi kwa Mashine na Ukweli Ambao Fundi Anayeanza Anapaswa Kuujua

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, nguo zenye nembo zimekuwa jambo la kila siku jijini: mashati ya watumishi, fulana za vikao na warsha, skafu za wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine, na sweta za shule zinazotafutwa kila Januari. Kwa hiyo si ajabu kwamba mafundi cherehani wa Majengo, Chang'ombe au Nkuhungu, pamoja na vijana waliotoka kujifunza ushonaji, wanatamani kuongeza udarizi kwenye kazi zao. Wengi wao, hata hivyo, huanza na maneno ya kusikia, na karibu maneno yote hayo yana mzizi mmoja, yaani imani kwamba mashine ndiyo inayodarizi. Mashine hushona tu pale inapoelekezwa. Ubora wa kazi huwa umeshaamuliwa na kitambaa, na kilichowekwa chini yake, na namna kilivyobanwa kwenye fremu, na mchoro ulivyoandaliwa, kabla sindano haijashuka hata mara moja.

"Bila mashine ya kompyuta huwezi kudarizi"

Udarizi wa mashine ulitangulia kompyuta kwa zaidi ya karne moja. Josué Heilmann wa Mulhouse, Ufaransa, alibuni mashine ya kudarizi mwaka 1828, ambapo mwendeshaji alifuatisha kwa mkono mchoro mkubwa uliowekwa pembeni, na sindano nyingi zikaurudia kwa umbo dogo kwenye kitambaa. Mwaka 1863 Isaac Gröbli wa Uswisi akaleta mashine iliyotumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, kama cherehani ifanyavyo.

Cherehani ya kawaida yenye zigizaga inaweza kumfikisha mwanafunzi mbali. Meno yanayosukuma kitambaa hushushwa au hufunikwa, mguu wa cherehani huondolewa au huwekwa ule wa kudarizia, kitambaa hubanwa kwenye fremu ya mviringo, na mikono miwili ndiyo inayokisogeza huku sindano ikipanda na kushuka mahali pamoja. Ninawashauri wanaoanza wapitie hatua hii hata kama wana fedha ya kununua mashine kubwa, kwa sababu humfundisha mtu jambo ambalo kioo cha kompyuta hakilionyeshi: jinsi kila mshono unavyokivuta kitambaa. Kikomo chake nacho kiko wazi. Nembo 50 zinazofanana kabisa haziwezi kutoka mkononi, na mteja wa ofisi hutaka zifanane.

"Ukiwa na picha kwenye simu, mashine itaidarizi"

Hii ndiyo dhana inayoleta ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja. Mashine ya kudarizi haisomi picha. Inasoma maelekezo ya mishono: sindano isogee kiasi gani na upande upi, ishuke wapi, na isimame lini ili rangi ibadilishwe. Maelekezo hayo hukaa kwenye mafaili ya aina yake, kama DST lililoanzia kwenye mashine za Tajima na ambalo sasa linasomwa na mashine nyingi za kibiashara, PES la Brother, au JEF la Janome. Kuigeuza picha kuwa faili la namna hiyo ni kazi ya mtu anayeamua mishono ielekee upande gani, mishono ipi ya msingi itangulie chini ili ya juu isizame, na kila umbo liongezwe unene kiasi gani, kwa kuwa uzi unapovutwa hulipunguza umbo. Duara lililochorwa kikamilifu kwenye kompyuta hutoka limebonyea upande mmoja likishonwa bila kuongezwa. Programu zinazogeuza picha zenyewe zipo na zina manufaa yake kwa maumbo mepesi, lakini kwenye nembo yenye ngao, majani na maandishi huacha makosa ambayo mtu asiye na uzoefu atayalaumu kwa mashine.

Maandishi ndiyo hukwamisha kazi nyingi zaidi. Nembo ya taasisi huwa na kaulimbiu iliyoandikwa kwenye utepe wa chini, na inapopunguzwa hadi upana wa sentimita 8 ili ikae kifuani, herufi hizo hubaki na urefu wa milimita 2 au 3. Kwa uzi wa kudarizi wa namba 40, ambao ndio unaotumika zaidi, herufi iliyo chini ya milimita 5 hivi huanza kuziba matundu yake, na "a" na "e" hazitofautiki tena. Fundi mwaminifu humwambia mteja mapema kwamba nembo ikuzwe, au kaulimbiu iondolewe, au utumike uzi mwembamba wa namba 60 na sindano ndogo zaidi.

Faili likishapatikana, lisivutwe ovyo kuwa kubwa au dogo. Faili la mishono likikuzwa bila programu kuhesabu mishono upya, mishono huachana na kitambaa huonekana katikati yake. Likipunguzwa, mishono hurundikana hadi uzi na sindano kukatika. Badiliko la asilimia 10 kwa kawaida halina madhara, na zaidi ya 20 ni afadhali mchoro uandaliwe upya. Pia usishtuke ukifungua faili la DST na kukuta bendera imekuwa ya zambarau: faili hilo hubeba amri ya kusimama ili kubadili rangi, lakini halibebi rangi zenyewe, hivyo orodha ya rangi iandikwe kwenye karatasi na iambatane na kazi.

"Stebilaiza ni gharama ya bure, na kitambaa kikivutwa sana ndiyo vizuri"

Dhana hizi mbili, ya kuacha stebilaiza (tabaka linalowekwa chini ya nguo) na ya kuvuta kitambaa, hutembea pamoja, na mahali pa kuziona zikivunjika ni kwenye sweta ya shule. Sweta imefumwa, kwa hiyo inavutika. Mwanafunzi huibana kwenye fremu bila kitu chini, kisha huivuta pande zote nne mpaka inalia kama ngoma ikigongwa kwa kidole. Nembo inashonwa na inaonekana safi kabisa ikiwa bado ndani ya fremu. Fremu inapofunguliwa, sweta inarudi kwenye ukubwa wake wa asili, lakini mishono hairudi, na pembeni mwa nembo panatokea mikunjo inayozunguka ambayo pasi haiwezi kuiondoa. Kosa lilifanyika wakati wa kubana, dakika kadhaa kabla halijaonekana.

Stebilaiza ni kitambaa chembamba au karatasi maalumu inayowekwa chini ya nguo ili ibebe mishono, na kila aina ina kazi yake. Nguo zinazovutika, kama fulana na sweta, huhitaji ile inayokatwa kwa mkasi baada ya kazi na kubaki nyuma ya nembo maisha yote ya nguo, kwa sababu kila ikifuliwa nguo hiyo itajaribu kuvutika tena. Nguo imara zisizovutika, kama khaki na jinzi, zinaweza kutumia ile inayochanika na kuondolewa. Kwa taulo huongezwa ya tatu, ile inayoyeyuka kwenye maji, ambayo huwekwa juu ili vinyweleo vya taulo visichomoze katikati ya herufi, na baada ya kazi huoshwa ikatoweka. Gazeti na karatasi za daftari ambazo baadhi ya watu huzitumia huchanika sindano inapopita, wakati mwingine kabla nembo haijafika nusu, na hapo ndipo mistari ya pembezoni hukosa kukutana na rangi ya ndani.

Kuhusu kubana, kinachotakiwa kuwa imara ni stebilaiza. Nguo yenyewe ilale imenyooka bila kuvutwa, na nyuzi zake za wima na za mlalo zikae sawa na kingo za fremu. Kwa sweta nzito au nguo yenye manyoya ambayo fremu huiachia alama, njia nzuri ni kubana stebilaiza peke yake, kuipulizia gundi ya muda ya nguo, kisha kuilaza nguo juu yake na kuishikiza kwa mshono mrefu wa kuzunguka kabla ya nembo kuanza.

"Uzi ukijikunja chini, kosa ni la bobini"

Karibu kila anayeanza, akiona fundo kubwa la uzi chini ya sahani ya sindano, huchukua bisibisi na kukaza skrubu ya kasha la bobini, yaani kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini. Mara nyingi fundo hilo ni la uzi wa juu ambao haukushikwa na sahani za mkazo, yaani visahani viwili vinavyoubana, na sababu ya kutoshikwa ni ndogo: uzi ulipitishwa mguu wa cherehani ukiwa chini. Mguu ukiwa chini, sahani za mkazo hufunga, na uzi hupita juu yake badala ya kuingia katikati. Inua mguu, toa uzi wote, upitishe upya kuanzia mwanzo, shusha mguu, kisha uvute uzi kwa vidole, nao unapaswa kuonyesha ukinzani. Jaribu hivyo kabla ya kugusa skrubu yoyote. Kipimo cha mkazo ulio sawa kipo nyuma ya kazi: kwenye mshono mpana wa satini (mishono iliyolala sambamba na kubanana), uzi wa bobini uonekane katikati kwa takriban theluthi moja ya upana, na rangi ya juu ionekane pande zote mbili.

"Uzi ni uzi, sindano ni sindano"

Uzi wa kushonea suruali ni mkavu na hutoa vumbi la nyuzi linalojaa kwenye bobini. Uzi wa kudarizi ni laini, unang'aa, na huja wa rayoni au wa poliesta. Rayoni inapendeza zaidi machoni, lakini sare zinazofuliwa kwa dawa ya kung'arishia na kuanikwa kwenye jua la Dodoma zinahitaji poliesta. Sindano ya saizi 75/11 inatosha kwa kazi nyingi, 90/14 kwa jinzi na khaki nzito, na kwa fulana itafutwe yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Ibadilishwe baada ya takriban saa 8 za kushona, hata kama haijavunjika.

"Mashine nzuri itafanya kazi popote"

Mashine za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na za Marekani kwa volti 120, ilhali wa kwetu ni volti 230. Ukichomeka moja kwa moja umeiunguza. Soma kibao kilicho nyuma ya mashine, na kama inahitaji transfoma, nunua yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi za kompyuta hukumbuka zilipoishia au huruhusu kurudishwa kwenye mshono uleule, lakini hilo linasaidia tu kama nguo haijatolewa kwenye fremu. Iache ilivyo, zima swichi ya ukutani, na usubiri.

Vumbi ni adui mwingine wa hapa kwetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa Dodoma, Manyoni au Singida huingiza vumbi jembamba kila mahali, nalo likichanganyika na mafuta na nyuzi ndani ya kasha la bobini huwa utandu mgumu. Safisha kwa brashi kila siku ya kazi, na usipulize kwa mdomo, kwa maana pumzi huliingiza vumbi ndani zaidi pamoja na unyevu. Mashine ifunikwe, na nyuzi zikae kwenye boksi lenye mfuniko.

"Bei hutokana na ukubwa wa nembo"

Bei hutokana na muda, na muda hutokana na idadi ya mishono pamoja na rangi. Nembo ya mishono 8,000 kwenye mashine inayoshona mishono 600 kwa dakika huchukua dakika 13 na zaidi kidogo bila kusimama. Mashine ya sindano moja itasimama kila rangi inapobadilika ili uzi uondolewe na mwingine upitishwe, na bado kuna kubana, kufungua na kukata nyuzi zilizobaki, hivyo kila sweta huchukua kama dakika 20. Sweta 60 ni saa 20 za kazi. Anayepokea oda hiyo Ijumaa akaahidi Jumatatu asubuhi ama atashinda wikendi nzima kwenye mashine au atavunja ahadi. Herufi mbili nyembamba zenye urefu wa sentimita 10 zinaweza kuwa na mishono michache kuliko ngao ndogo iliyojazwa yote, kwa hiyo fungua faili kwanza, tazama idadi ya mishono, ndipo utaje bei.

"Nembo iliyoko mtandaoni ni ya kila mtu"

Katika jiji la ofisi za Serikali jambo hili lina uzito wa pekee. Matumizi ya Nembo ya Taifa yanasimamiwa na sheria, na kuidarizi kwenye nguo za kuuza bila idhini ni kosa, si ujanja wa biashara. Alama za kampuni zinazosajiliwa BRELA (wakala wa Serikali wa usajili wa biashara) na nembo za klabu za mpira zina wenyewe pia. Mteja anayeleta oda ya nembo ya taasisi aombwe barua ya taasisi hiyo yenye muhuri, pamoja na faili halisi la nembo badala ya picha iliyokatwa kutoka kwenye bango. Barua ihifadhiwe pamoja na sampuli moja iliyodariziwa na orodha ya rangi zilizotumika, ili oda ya mwaka unaofuata ifanane na ya kwanza hata kama fundi atakayeishona ni mwingine.